Kanda ya Krismasi Yenye Uzi Mweusi

Dada yangu Adela, baba mmoja mama mmoja, aliniita msichana wa kazi mbele ya watu wapatao arobaini. Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa kanisa huko Lanham. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa tatu na sahani ya pilau mapajani. Aliyasema maneno hayo kwenye kipaza sauti na hakugeuka kunitazama. Nayaweka hapa mwanzo ili mtu asije akasoma mpaka mwisho akidhani nalalamikia televisheni.

Lakini habari ya televisheni lazima niieleze, maana ndiyo iliyotufikisha pale.

Naitwa Honorata. Kwetu ni Kamachumu, mkoa wa Kagera. Shule niliishia darasa la pili, nikatolewa kwenda kumtunza bibi aliyekuwa amepooza. Adela amenizidi miaka kumi na miwili. Yeye alisoma, akawa muuguzi, akaolewa na Silvanus, wakaja Marekani. Mwaka 1998, nikiwa na miaka kumi na tisa, aliniita huku Langley Park. Baba alisomewa barua kwamba naenda kusoma. Nilipofika uwanja wa ndege Adela alinikabidhi Fredy, mwaka mmoja, na Audrey, miaka minne, akasema, "Hawa ndio shule yako kwa sasa." Nilicheka. Nilidhani ni utani wa safari.

Alikuwa na zamu ya usiku katika nyumba ya wazee. Mchana analala, saa kumi na mbili jioni anatoka. Silvanus alikuwa anaendesha malori, safari zikawa ndefu, mwishowe moja haikurudi. Tulisikia yuko Texas na ameanza maisha mengine. Kwa hiyo jioni ndani ya ile nyumba tulikuwa watatu tu, mimi na watoto, na televisheni iliyowekwa juu ya sanduku.

Desemba ya kwanza sikuwa na Kiingereza cha kuombea chumvi. Audrey ndiye aliyekuwa macho yangu na masikio yangu. Tangazo likipita kwamba kipindi fulani cha Krismasi kitaonyeshwa, anakuja jikoni kunivuta kanga. "Mamdogo, keshokutwa. Yule batamzinga keshokutwa." Nami nahesabu kwa vidole, leo, kesho, keshokutwa, naosha vyombo mapema.

Vipindi vile vilikuja mara moja tu kwa mwaka. Hilo watoto wa sasa hawalielewi hata ukiwaeleza. Ukikosa jioni ile kwa sababu mtoto ana homa au umeme umekatika kwa theluji, basi, subiri Desemba nyingine. Kulikuwa na kile cha batamzinga aliyejificha ndani ya kwaya ya kijiji ili asichinjwe, akavaa joho, akasimama na waimbaji wa sauti ya nne. Kulikuwa na cha vinyago vya mbao, miguu migumu kama ya mtu aliyekaa sana kwenye baridi, na fundi saa aliyesahau tarehe ya Krismasi. Kulikuwa na familia moja ya waimbaji, sweta za rangi moja, wanaimba mbele ya moto wa maboksi. Ukitazama vizuri unaona ule moto haupepei.

Tulitandika godoro sakafuni. Adela alikuwa akiletewa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, kutoka Bukoba na wasafiri, maana msimu wake ni huohuo, akawaficha juu ya kabati kwa ajili ya wageni. Nilikuwa nachota kidogokidogo, kiasi cha asigundue. Basi utaona watoto wa Marekani, batamzinga anaimba kwenye theluji, wao wanatafuna senene. Fredy alikuwa anawang'oa vichwa kwanza na kuvipanga ukingoni mwa godoro, akisema hao nao wanatazama. Kipindi kikiisha Audrey amelala juu ya miguu yangu, imekufa ganzi, na siinuki.

Kurekodi nilijifunza mwenyewe. Adela alinunua mashine ya video ili asomee mtihani wake wa uuguzi, na alinunua kanda tupu kwa furushi. Niligundua vitufe viwili vinavyobonyezwa pamoja. Matangazo yakianza nasimamisha, yakiisha naachia. Sikujua kuandika, kwa hiyo kila kanda niliifunga uzi. Nyekundu vinyago, kijani waimbaji, njano vile vya watoto wadogo sana. Hata Fredy akitumwa alileta iliyo sahihi.

Machi 2001 baba alifariki. Hatukwenda. Viza yangu ilikuwa imekwisha muda tangu siku nyingi, kwa kuwa Adela alisema atashughulikia karatasi na hakushughulikia. Yeye kazini walimnyima ruhusa. Kaka yetu Method alituma kanda ya mazishi. Wenye umri wangu wanakumbuka kwamba kanda za nyumbani zilikuwa hazichezi kwenye mashine za huku, mpaka mtu akuhamishie. Alikuwepo Mkenya mmoja pale Langley Park, Gitau, kazi yake ilikuwa hiyo. Wengi waliozikiwa wazazi bila kwenda walipita mkononi mwake. Gitau akatuhamishia mazishi ya baba kwenye kanda nyeusi ya kawaida, ileile aina anayonunua Adela, jina limeandikwa ubavuni kwa kalamu. Ile ya Method ilirudishwa Kamachumu na huko ikaota ukungu.

Siku ya matanga watu walijaa sebuleni kuitazama. Mimi nilikuwa jikoni. Kila nikichungulia, mtu ananinyooshea kikombe. Nilisikia kilio cha kwetu kikitoka kwenye televisheni, nikaendelea kukaanga maandazi. Baba yangu alizikwa hivyo, mimi nikiwa kwenye karai.

Desemba ile batamzinga alikuja. Nilichukua kanda isiyo na uzi, yenye maandishi nisiyoweza kuyasoma, nikadhani ni moja ya masomo ya Adela ya mtihani ambao alikwisha kuufaulu. Nikarekodi. Kesho yake tukaitazama tena na watoto. Kipindi kilipokwisha picha ikaruka, tukaona migomba, watu wamejaa uani, na jeneza.

Nilikuwa nimefuta misa yote na safari ya kwenda kaburini. Kilichobaki ni mashada. Nilikaa sakafuni nikalia, na Audrey, miaka saba, akaniuliza huyo ndani ya sanduku ni nani. Nikamwambia ni babu yako. Mshereheshaji alikuwa anaita watoto wa marehemu mmoja mmoja waweke mashada. Mtoto wa kwanza, Laurean. Mtoto wa pili, Method. Mtoto wa tatu, Adela, yuko Marekani, shada lake linawekwa na shangazi yake. Mtoto wa nne, Honorata, naye yuko Marekani kwa dada yake, shada lake linawekwa na Method. Audrey akaniangalia. "Mamdogo, wamekutaja." Nikamwambia ndiyo, wamenitaja.

Nilikwangua yale maandishi ya ubavuni, nikaifunga uzi mweusi. Adela alipoitafuta nilinyamaza. Alisema ni Silvanus aliyeichukua siku alipopita mara moja kutoka Texas kuchukua nguo zake, nikaacha aseme. Hilo ni kosa langu na silifichi. Kila Desemba, watoto wakisha kulala, niliiendesha mpaka mwisho wa batamzinga, nisikie jina langu likitajwa, kisha nazima.

Mwaka 2010 Adela alinunua nyumba Lanham. Aliniambia watoto wamekua na vyumba ni vichache. Vyumba vilikuwa vinne. Nikabaki Langley Park, nikapanga kwa watu, kanda zikaenda na mizigo yake. Kule Lanham alipata marafiki wapya, kanisa jipya, akawa mwenyekiti wa akina mama. Waliponiuliza mimi ni nani wake, niligundua hawana habari ya mdogo wake yeyote. Nadhani najua sababu. Angesema ni mdogo wangu, wangeuliza mbona mdogo wako hajui kusoma, mbona hana karatasi. Maswali hayo jibu lake ni yeye mwenyewe.

Kusoma nilijifunza nikiwa na miaka arobaini, darasa la Jumamosi kwenye maktaba. Siku hizi namtunza bibi mmoja Columbia Heights, nampikia, namwogesha, namkalisha mbele ya televisheni. Desemba ikifika situlii. Naamka nakaa, nakaa naamka. Bibi ananiuliza kama nimekalia miiba. Vile vipindi vya zamani sasa viko kwenye simu, unaweza kuvitazama Julai ukipenda, umesimama kituo cha basi pale wanapochimba reli yao isiyoisha. Nimejaribu. Batamzinga ni yuleyule, anaimba vilevile, na mimi nakata baada ya dakika tano. Nabadilisha. Nakata tena. Hakuna mtu wa kunivuta kanga.

Mwezi Novemba Audrey alinipigia. Ana miaka thelathini sasa, ana binti yake. Anasikia Kiswahili chote, ila akijibu ni Kiingereza, isipokuwa neno mamdogo, hilo halijamtoka. Alikuwa amekuta boksi la kanda zetu chini ya ngazi nyumbani kwa mama yake. Alitaka kuzionyesha kanisani, kwenye sherehe ya Krismasi, watoto waone wazazi wao walikuwa wanatazama nini.

"Sijui ipi ni ipi," akasema. "Zina nyuzi tu."

Nikaenda kwake. Nikamtajia nyuzi moja moja. Alipoigusa yenye uzi mweusi akakumbuka mwenyewe, akasema hiyo ndiyo ya batamzinga, hiyo ndiyo anayoipenda kuliko zote. Nikasema ndiyo, ndiyo hiyo. Sikuongeza neno. Nilitaka icheze. Nilitaka siku moja icheze mpaka mwisho mbele ya watu.

Tulimpelekea Gitau, yuleyule, sasa anauza simu, amepata upara. Akazitia kwenye kompyuta ya Audrey. Nikamuuliza kama anapunguza mwisho wa kanda.

"Mimi sikati kitu ya mtu," akasema. "Kama iko ndani, iko ndani. Na wewe bado uko na hiyo kidole ya kusonga kila kitu? Weka hiyo chaja chini."

Tukirudi, Audrey akaniambia kwenye gari, "Nitasimama kabla haijaanza. Nitawaambia ni wewe uliyezirekodi, ni wewe uliyekaa na sisi." Nilitazama nje ya dirisha mpaka tukafika, nisimwonyeshe uso.

Basi tukafika ukumbini siku hiyo. Pembeni yangu alikaa Serah, Mkenya tuliyesoma naye darasa la Jumamosi, nilimwalika mimi. Audrey alisimama, akashika kipaza sauti, akafungua kinywa. Adela akamfuata na kumpokonya, anacheka.

"Kabla mwanangu hajasema, mwenye mwana aseme kwanza."

Watu wakacheka.

"Watu hudhani sisi wa zamu ya usiku hatukulea," akasema Adela. "Nilikuwa natoka kazini, viatu sijavua, nakaa chini na wanangu tunatazama Krismasi. Kanda hizi nimezirekodi kwa mikono hii. Tangazo likija nasimamisha, likiisha naachia."

Hata hilo la kusimamisha alilichukua. Aliwahi kuniona nikifanya, basi.

Wakapiga makofi. Serah akaniinamia. "Huyu mama, siku yake ilikuwa na masaa ngapi? Job ni usiku, TV ni usiku."

Nilimtazama Audrey. Naye alinitazama, kisha akatazama kompyuta yake. Akawatakia watu heri ya Krismasi, akabonyeza.

Batamzinga akatokea ukutani, mkubwa kuliko nilivyowahi kumwona. Watoto mwanzoni walikuwa kwenye simu zao, baadaye mmoja akacheka, wakafuata wengine. Mimi najua kila mahali nilipobonyeza. Kuna mahali tangazo la sabuni linachungulia kidogo, kwa sababu Fredy alimwaga uji na nikachelewa. Lilipochungulia nikasikia harufu ya ule uji.

Kwaya ikamaliza, theluji ikaanguka, picha ikaruka. Migomba. Watu uani. Jeneza.

"Haiya," Serah akanong'ona. "Hii nayo ni Krismasi ya wapi?"

Watanzania hawakuhitaji kuelezwa. Mzee mmoja alivua kofia. Mama mmoja akasimama, kama tunavyosimama msiba unapopita, na wengine wakasimama. Adela alikuwa bado ana kipaza sauti mkononi. "Huyo ni baba," akasema, na sauti yake haikuwa ya mwenyekiti tena. Kwa muda mfupi nilimwonea huruma. Nilikuwa nimemnyima mazishi ya baba kwa miaka ishirini na tatu.

Wambura, mwalimu wa kwaya, hana breki mdomoni. Akasema kwa sauti, "Sasa mama Audrey, si umesema ni wewe uliyerekodi? Umerekodi batamzinga juu ya msiba wa mzee?"

Baadhi walicheka kwa kukosa namna. Adela akafuta macho.

"Tulikuwa na msichana wa kazi nyumbani," akasema. "Hajui kusoma. Ndiye aliyefuta."

Nilimsikia Serah akivuta pumzi. Mimi sikuinuka, kwa sababu nilikuwa namsikiliza mshereheshaji ukutani. Alikuwa ameanza kuita. Mtoto wa kwanza, Laurean. Kaka yetu akapita na shada, suti imemzidi. Nikasema moyoni, mwacheni aendelee. Mtoto wa pili, Method. Mtoto wa tatu, Adela, yuko Marekani, shada lake linawekwa na shangazi yake. Shangazi akainama, akaweka, akatengeneza utepe kama kawaida yake ya kutengeneza kila kitu. Nikaweka sahani chini ya kiti. Mtoto wa nne —

Audrey akafunga kompyuta.

Ukuta ukawa mweupe. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mfuniko. Alinitazama, na nikajua anakumbuka. Aliwahi kuniambia wamekutaja.

Nilitoka. Kituoni nilitembea kutoka nguzo hadi nguzo, mabasi ya Jumapili ni ya kubahatisha. Audrey alinifuata bila koti.

"Mamdogo, subiri."

"Ulijua kinachofuata?"

"Nilijua."

"Kinafuata nini? Kiseme."

Akajifunika mabega kwa mikono. "Wewe."

"Basi kwa nini?"

"Watu wote wangemgeukia pale pale, na baba yake yuko ukutani. Ni mama yangu."

"Na mimi nilikuwa nani juu ya lile godoro?"

Akasema atanitumia kanda nzima kwenye simu, niwe nayo.

"Mimi nimeiona," nikamwambia. "Hao waliomo ukumbini ndio hawajaiona. Rudi, utaugua."

Siku mbili baadaye nilimpigia Adela. Nilianza na langu. Nilimwambia ni kweli nilifuta mazishi ya baba, nilijua tangu kesho yake, nikanyamaza, na nikaacha Silvanus abebe. Nikamwomba msamaha.

"Miaka yote hiyo nimemtukana mtu wa watu," akasema.

"Ndiyo. Nisamehe, dada."

"Nimekusikia."

"Na mimi ni nani yako, dada?"

"Usinianzie, Honorata. Watu walikuwa wananitazama, ungetaka niseme nini?"

Nikamwambia angesema mdogo wangu. Maneno mawili. Akasema ana mgonjwa wa kumhudumia, akakata.

Kwa hiyo hivi ndivyo mambo yalivyo. Adela ananidai misa ya baba na safari ya kaburini, na hivyo siwezi kumrudishia. Nimekiri, na kukiri ndiko nilikokuwa nako. Yeye naye ninamdai yale maneno mawili, mbele ya watu walewale, kwa kipaza sauti kilekile. Sitarajii. Ana miaka hamsini na saba na amezoea kupigiwa makofi. Anaweza kufa na deni hilo, nami nitamzika vizuri.

Audrey ndiye nisiyeweza kumwachia. Huyu hakudanganywa na mtu wala hakusimuliwa. Aliahidi kwenye gari bila mimi kumwomba, na alipofunga ile kompyuta zilikuwa zimebaki sekunde chache nifike. Jumapili ya pili ya Januari wanakutana tena ukumbini, na yeye ndiye atakayeleta mashine. Deni lake ni dogo, wala halihitaji hotuba. Aendeleze kanda kuanzia pale alipoikatia, aache mshereheshaji aite mtoto wa nne, na yeye Audrey asimame watu wamwone amesimama.